Jibu la Pili

Nebati Sanga alikuwa na mdomo usiojua likizo. Kwa hiyo alipoingia chumba cha upimaji saa nne asubuhi, akaweka mezani ripoti ya kwanza ya Laini ya Saba bila kusema neno, Yusta Mgaya aliacha alichokuwa anafanya.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada." Nebati akajikuna shingo. "Ila safu ya marudio naona imenenepa."

Yusta akaitazama. Marudio: saba kwa mia. Kwa miaka kumi na moja safu ile haikuwahi kuvuka moja kwa mia, hata ule mwaka ambao baridi ya Julai ilipasua mabomba ya kiwanda kizima.

"Sindano zimechafuka," alisema, maana ndivyo alivyozoea kusema.

Nebati akacheka, lakini kicheko kilimkauka njiani. "Sindano zipi, dada? Laini ya Saba haina sindano."

Yusta alijua hivyo. Alikuwepo siku mashine mpya zilipofungwa, alikata utepe kwa mkasi wa kuazima. Alikuwa amesahau kwa jinsi mtu anavyosahau kwamba amehama nyumba, akajikuta anakata kona ya zamani.

Ili hofu yake ieleweke, inabidi turudi nyuma kidogo. Zamani kila prosesa, yaani chipu inayopiga hesabu ndani ya kompyuta, iliyotoka kwenye laini ilipimwa kwa sindano za chuma zilizoigusa kila pembe. Chembe moja ya vumbi kwenye ncha ya sindano ilitosha kuifanya chipu nzima ionekane mbovu, na kiwanda kilikuwa kinatupa chipu nzima ndoo kwa ndoo. Yusta, wakati huo fundi wa zamu mwenye miaka ishirini na minne, aliandika pendekezo la mistari miwili. Chipu ikishindwa, safisha sindano, ipime tena. Jibu la pili ndilo jibu. La kwanza lifutwe. Kiwanda kilipumua. Yeye akapewa cheti na cheo, na kanuni yenyewe ikaitwa kanuni ya Yusta, hata na watu ambao hawakumjua Yusta ni nani.

Kisha kikaja Kito cha Saba. Kila toleo la prosesa hutengenezwa kwa vipimo vidogo kuliko lililotangulia, na safari hii walishuka mno. Kuta zinazotenganisha njia za umeme ndani yake zilibaki na unene wa atomu tano. Faida yake ilikuwa kubwa, tusiwaonee waliobuni: kompyuta ya mezani yenye Kito cha Saba iliendeshwa na paneli moja ya jua, na zahanati ambazo hazijawahi kuona umeme wa uhakika zikaanza kuagiza. Ila chipu zenyewe zilikuwa laini kiasi kwamba sindano ingezitoboa. Zikapimwa kwa mwanga. Hakuna kinachogusa kitu, kwa hiyo hakuna kinachochafuka.

Mashine zikabadilishwa zote. Kanuni ya Yusta hakuna aliyeigusa.

"Niletee zilizorudiwa leo," alisema. "Zile zilizoshindwa mara ya kwanza, zikapita mara ya pili."

"Mashine haikumbuki, dada. Jibu la kwanza linafutwa. Si ndiyo kanuni?"

"Basi simama pale kwenye laini. Kila ikirudia moja, ichukue kabla haijapangwa."

Baada ya robo saa walikuwa na chipu arobaini mezani. Wakazipa swali la darasa la tatu, kumi na saba mara kumi na tisa, zijibu bila kukoma. Mia tatu ishirini na tatu, zilijibu. Mia tatu ishirini na tatu, mara mamilioni. Nebati alianza kupata nafuu, akaanza hadithi ya shemeji yake aliyenunua ng'ombe kipofu. Dakika ya ishirini na sita chipu moja ikajibu sitini na saba, halafu ikaendelea na mia tatu ishirini na tatu kana kwamba haikusema kitu.

Hadithi ya ng'ombe ikaishia hapo.

Walikaa mpaka saa sita kasoro. Makosa matatu, kwenye chipu tatu tofauti. Yusta hakuhitaji kuambiwa maana yake. Chembe ya umeme ikikutana na ukuta mnene hurudi. Ikikutana na ukuta wa atomu tano, mara chache sana, hujikuta upande wa pili bila kutoboa tundu wala kuacha alama. Ukiipima chipu hiyo mara moja utaiona mbovu. Ukiipima tena mara hiyohiyo utaiona nzima. Na wao, kwa kanuni yake, walikuwa wanasubiri ionekane nzima.

Alipiga hesabu kwa kalamu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kuipiga kwenye kompyuta. Kila chipu mbovu hukosea kama mara moja kila saa kumi na nane. Chipu za Kito cha Saba zilizokwishatoka kiwandani ni elfu arobaini na moja. Saba kwa mia ya hizo ni mbovu, na hakuna anayejua ni zipi, kwa sababu majibu ya kwanza yamefutwa. Akagawanya. Mahali fulani nchini, kila sekunde ishirini na mbili, kompyuta moja ilikuwa inasema uongo.

Na moja ya hizo elfu arobaini na moja aliipeleka Lupembe kwa mikono yake, kwa baba yake.

* * *

Mkuu wa kiwanda, Injinia Ombeni Kyando, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Makosa mengi yatakuwa hayana madhara," alisema. "Nukta moja ya rangi kwenye picha. Herufi moja kwenye barua."

"Mengi, ndiyo."

"Unataka tufanye nini?"

"Nifunge daraja lote."

Ombeni akakaa. Chipu zote hupangwa kwa madaraja kabla ya kuuzwa, na kila daraja lina kufuli lake, lililowekwa miaka mingi iliyopita ili wajanja wasiuze chipu hafifu kwa bei ya chipu bora. Amri moja kutoka chumba cha upimaji, na kila prosesa ya daraja hilo yenye mtandao huzimika papo hapo. Halichagui. Ufunguo ni mmoja kwa daraja zima.

"Umefikiria mashine za hewa?"

Yusta alikuwa amefikiria tangu alipoiweka kalamu chini. Katika zile elfu arobaini na moja, elfu thelathini na mbili hivi zilikuwa za hesabu: vipimo vya dawa, vivuko vya reli, milango ya mabwawa. Hizo zikizima, watu watashika kalamu na kupeperusha bendera kama zamani, watalalamika, wataishi. Lakini mashine elfu tisa mia moja na nne za kupumulia zilikuwa zinaongozwa na Kito cha Saba. Zilikuwa na swichi ndogo ya kuziendesha kwa mkono, bila kompyuta. Mtu asipoigeuza kabla ya kufuli, hewa inakatika.

"Ukiziacha," Ombeni alisema taratibu, "kuna watu wataumia kwa bahati mbaya. Ukizifunga, kuna watu watakufa kwa kidole chako. Unaona tofauti?"

"Naiona, mkuu. Watakaokufa hawataiona."

"Mimi nitaiona! Nitalala nayo!" Akajifuta uso. "Nisamehe. Naogopa, dada Yusta. Naogopa kweli."

"Na mimi naogopa."

Ujumbe uliingia kwenye kioo cha Ombeni wakiwa bado wanatazamana. Ulitoka zahanati moja ya Rukwa, kitengo cha malalamiko ya wateja kiliusukuma juu kwa sababu ulikuwa na neno mtoto. Ombeni akausoma kwa sauti. Muuguzi aliandika kwamba kompyuta imempangia mtoto sindano ya malaria miligramu mia mbili na themanini badala ya ishirini na nne. Alishafungua chupa ya pili ndipo akashtuka. Mtoto mzima. Tafadhali tumeni fundi.

"Mia mbili na themanini, toa ishirini na nne," Yusta alisema.

"Mia mbili hamsini na sita."

"Sasa chukua mia tatu ishirini na tatu, toa sitini na saba."

Ombeni aliitoa kichwani, akarudi kuusoma ujumbe upya. Ni tofauti ileile. Ukuta uleule dhaifu, mahali palepale ndani ya chipu, huku mezani kwao na kule mkononi mwa muuguzi. Pengine sekunde ile kuna muuguzi mwingine asiyejua miligramu ishirini na nne zinavyoonekana.

"Saa moja," alisema Ombeni. "Watangazie kwanza wageuze swichi. Baada ya saa moja chumba cha upimaji ni chako na kufuli ni lako. Mimi sitabonyeza. Sitakuzuia, lakini sitabonyeza."

* * *

Tangazo lilitoka saa saba na dakika tano kwenye kila kioo na kila simu iliyosajiliwa: Mteja mpendwa, kutokana na hitilafu ya kiufundi, geuza swichi ya mashine yako ya hewa iwe kwa mkono kabla ya saa nane na dakika tano. Mashine ikigeuzwa ilituma taarifa yenyewe, na kwenye ukuta wa chumba namba ya zilizobaki ikawa inapungua. Elfu tisa mia moja na nne. Elfu tisa na themanini. Baada ya dakika ishirini ilikuwa elfu nane mia saba, na ikawa kama imegota.

"Hawasomi?" Yusta aliuliza.

"Wanasoma," alisema Nebati, akiwa na simu mbili masikioni. "Wanapiga kituo cha huduma kuripoti utapeli. Wanasema matapeli wameingia kwenye mashine za wagonjwa. Kuna mama mmoja amenitukana tusi ambalo sijawahi kulisikia, na mimi nimekulia stendi."

Nani angewalaumu? Miaka ile sauti ya mtu yeyote ilinunuliwa kwa bei ya vocha, na kila siku kulikuwa na tangazo la haraka linalokutaka uguse kitu. Watu walikuwa wamejifunza kwa machungu kutogusa. Yusta akatoka kwenye korido, akapiga Lupembe. Mzee Galus Mgaya alikuwa amepasua mbao za misonobari miaka thelathini, na unga wa mbao ulikuwa umemla mapafu. Mchana alikaa peke yake na mashine yake, dada zake Yusta wakiwa shambani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Yusta. Baba, nisikilize, geuza—"

"Yusta yuko kazini, na kazini kwao simu marufuku." Mzee alivuta hewa, na nyuma yake mashine ikavuta pamoja naye. "Juzi mlinipigia kwa sauti ya marehemu mke wangu. Hamwogopi Mungu?"

Akakata. Yusta akapiga tena, ikakatwa kabla haijaita. Akapiga mara ya tatu huku machozi yanamtoka na pua inavuja, na simu ilipopokelewa hakukumbuka tena salamu wala swichi.

"Baba, nimekosea."

Mashine ikavuta, ikashusha.

"Umekosea nini?"

"Kazi. Ile kanuni yangu ya kupima mara mbili. Kwenye chipu hizi mpya ilitakiwa iondolewe na mimi sikuiondoa. Nimepitisha chipu mbovu, baba, maelfu, na sijui ni zipi. Labda na ya kwako. Natakiwa nizizime zote."

"Hiyo kanuni si ndiyo uliyopewa cheti? Kile nilichokitundika sebuleni?"

"Ndiyo hiyo."

Mzee akakohoa, akashusha pumzi. "Tapeli huwa hakosei," alisema mwishowe. "Tapeli ana zawadi yako, au ana haraka. Swichi iko wapi?"

"Nyuma ya mashine, chini ya bomba la kijani."

Akasikia kiti kikisota, mzee akihema, kitu kikianguka, halafu mlio mdogo. Mashine ikasita. Yusta akafumba macho. Ikavuta tena, kwa mdundo mwingine, mzito zaidi.

"Inapumua," alisema baba yake. "Na wenzangu? Umewaambia hivi, au umewaambia kama tangazo la serikali?"

* * *

Hawakuandika hotuba. Yusta alisimama mbele ya kamera ya chumba cha upimaji, kofia ya kazi ikiwa imemkaa upande, akasema kwamba anaitwa Yusta Mgaya, mkuu wa upimaji wa Kito cha Saba, Njombe, na kwamba amekosea kazi. Akaeleza kosa lenyewe, kwa jina lake, bila kulipunguza. Akasema anaogopa. Akasema saa nane na dakika tano atazizima zote, na anayemtegemea mtu kwenye mashine ya hewa aende sasa hivi nyuma ya mashine, chini ya bomba la kijani. Kisha akarudia kwa Kibena, na Nebati akarudia kwa Kikinga, na binti mmoja wa kitengo cha malipo ambaye hakuna aliyejua ni Msukuma akasogea, akasema kwa Kisukuma.

Namba ikaanguka. Elfu saba. Elfu tano na mia mbili. Watu ishirini wa zamu walijazana nyuma yao, na kila elfu iliyopungua mtu alisema aaa kama yuko uwanjani. Elfu mbili. Mia tisa. Saa nane kamili ilikuwa mia nne na sita, na sasa ilikuwa inashuka mojamoja.

"Gawaneni hizo zilizobaki," Yusta alisema. "Pigeni kwa wenyeviti wa vitongoji, mabalozi wa nyumba kumi, mapadre, yeyote aliye karibu na hiyo nyumba."

Saa nane na dakika tano ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Ombeni alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Ongeza nusu saa," alisema.

"Nusu saa ni makosa themanini."

"Themanini ambayo mengi hayatamdhuru mtu! Hawa mia mbili unawajua, Yusta. Unaweza kuwahesabu."

Ndiyo, angeweza kuwahesabu. Hao wengine hangeweza, na alihisi jinsi hilo lilivyokuwa linamvuta, jinsi mtu asiye na namba anavyokuwa mwepesi kusahaulika. Alitamani mtu amkataze. Alitamani Ombeni amshike mkono, waburuzane, muda upite. Hakuna aliyesogea.

"Dakika kumi," alisema. "Basi."

Zilikuwa dakika kumi za watu kupiga kelele kwenye simu. Mwenyekiti mmoja alikimbia na simu ikiwa hewani, wakasikia viatu vyake na mbwa wanaombwekea. Mia moja themanini. Mia moja hamsini na tano. Kwenye dakika ya saba ikafika mia moja thelathini na tisa. Dakika ya nane ikabaki hapo. Dakika ya tisa pia. Nyumba zisizo na mtu, labda. Simu zilizoishiwa chaji. Viziwi. Waliolala. Kitengo cha malalamiko kikaleta ujumbe mwingine, wa kivuko cha reli huko Kaliua ambacho geti lilijifungua lenyewe, likajifunga, na mwendesha pikipiki alikuwa amevuka sekunde mbili tu kabla ya treni.

Nebati aliweka simu chini. "Dada," alisema, "dakika kumi zimeisha."

Yusta akaweka kidole kwenye kioo. Kilikuwa cha baridi. Alimfikiria baba yake, akaona aibu kwa sababu wake alikuwa anapumua. Akabonyeza.

Hakukuwa na mlio wowote. Safu elfu arobaini na moja ukutani zikageuka kijivu kutoka juu hadi chini, na namba ikabaki palepale, mia moja thelathini na tisa, kwa kuwa sasa hakuna mashine ingeweza kutuma taarifa yoyote, iwe mtu ameigeuza au hakuigeuza. Hilo hakuwa amelifikiria. Kujua kungekuwa kwa simu tu, nyumba kwa nyumba.

Akavuta orodha na kupiga namba ya kwanza. Iliita sana. Halafu ikapokelewa.

"Halo?" alisema Yusta.

Upande wa pili hapakuwa na sauti. Hakusikia mtu, wala hakusikia mashine. Akajibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Naitwa Yusta Mgaya. Kama unanisikia, nenda nyuma ya mashine, chini ya bomba la kijani, kuna swichi. Igeuze."

Hakuna aliyejibu. Akasema tena.